Mbinga Niliyokuwa Siioni

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Ajira zilipotoka nilipangiwa Mbinga, mkoani Ruvuma, na siku nilipoliona jina langu kwenye orodha nililia. Sikuwahi kufika huko wala sikumjua mtu wa huko. Nilichojua ni kwamba ni mbali, kuna baridi, na hakuna bahari. Shangazi yangu alinifariji: nenda ukaripoti tu, upate cheki namba, halafu tutatafuta njia ya kukurudisha. Kwa hiyo niliingia Mbinga hali moyoni nimeshaondoka.

Naandika haya nikijua kwamba wapo wanaosoma wakiwa pale nilipokuwa. Kuna muuguzi, mwalimu, bwana shamba, au mke aliyemfuata mume, anayehesabu miezi ya kuondoka. Sina la kukulaumu. Nataka tu nikusimulie yaliyonipata.

Kutoka Songea hadi Mbinga mjini ni kama kilomita 100. Mji umekaa juu ya milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na uhai wake ni kahawa, mahindi na maharage. Miaka ile makaa ya mawe yalikuwa yameanza kuchimbwa Ngaka, kata ya Ruanda, na malori yalianza kuonekana barabarani, turubai limefungwa juu, vumbi jeusi kwenye matairi. Vijana wa mji wakapata neno jipya la kuzungumza. Mimi niliona ukungu na matope. Nilipanga chumba kijijini, karibu na shule, kwa mama mmoja mjane mwenye mibuni yake nyuma ya nyumba, na jambo la kwanza nililofanya ni kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Mimi ni Mwislamu. Wenyeji wangu karibu wote ni Wakatoliki, na nyama ya nguruwe huko ni kitoweo cha kawaida. Ningeweza kueleza kwa upole ninachokula na nisichokula. Badala yake niliamua kutokula kwa mtu yeyote. Mama akinikaribisha ugali na maharage yake, nilisema nimeshiba. Akinitumia ndizi kwa mjukuu wake, nilizigawa shuleni. Sasa najua kwamba aliona yote, na kwamba hakuacha kunikaribisha hata jioni moja.

Shuleni mkuu alinipa ulezi wa Malihai, klabu ya uhifadhi ya wanafunzi. Wanafunzi walifurahi, wakaniuliza tutakwenda kutembea wapi. Nikawaambia Mikumi, fedha ikipatikana. Kwangu kivutio kilikuwa mnyama wa porini, mlima wenye theluji, au fukwe za Zanzibar, kama vilivyokuwa kwenye kalenda za ofisini. Fedha ya Mikumi haikupatikana. Miaka ikapita na klabu yangu haikutoka nje ya geti. Watoto wale walimaliza shule wakiamini kwamba utalii ni kitu kilichoko mkoa mwingine, na mimi ndiye niliyewaaminisha.

Ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi lilitokea darasani. Ilikuwa mada ya uhifadhi wa udongo, kidato cha tatu. Nilikuwa nachora ubaoni makinga maji na matuta ya kukata mteremko, mifano yote ikitoka kitabuni, ya nchi ambazo mimi mwenyewe sijazikanyaga. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani tunachimba ngoro." Nikamwambia hilo halimo kwenye muhtasari, tusipoteze muda. Akakaa. Dirisha la darasa lile linatazama mlima, na mlima mzima, kuanzia kijitoni hadi karibu na kilele, ulikuwa umechimbwa ngoro, mashimo yaliyozungukwa na matuta. Nilikuwa nimeupa mgongo ili niandike ubaoni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walikuwa wamekaa Kindimba, kijiji cha Umatengo huku huku, wakijifunza kwa wakulima jambo lile lile nililomnyamazisha mtoto asiliseme.

Kisha niliugua. Yalikuwa masika ya Februari, kikohozi kikageuka nimonia. Sikuwa na ndugu karibu na kwa tabia niliyoionyesha sikustahili jirani. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeita bodaboda, akapanda nyuma yangu akinishikilia nisianguke, akanifikisha hospitali. Akalala chini, kando ya kitanda changu, kwenye kanga. Niliporudi nyumbani nikiwa siwezi kusimama, aliingia chumbani na sufuria mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni. Ndani kulikuwa na mchuzi wa kuku.

Akasema, "Mwanangu, hii haijaguswa na nguruwe. Ni ya kwako peke yako, naiweka juu ya kabati. Na huyu kuku nimempeleka mjini akachinjwa na kijana wa msikitini."

Alikuwa amembeba yule kuku kwapani hadi mjini, katika mvua, kisha akarudi naye. Hakuna aliyemwagiza. Mimi ndiye niliyekuwa nikikataa chakula chake muda wote ule bila kumweleza sababu, na yeye alikuwa ameitambua sababu mwenyewe akaitunza. Nilikula huku natokwa na machozi. Nimesikia mawaidha mengi maishani mwangu, namshukuru Mungu kwa yote, lakini lililonivunja ni karatasi ile ya bei kwenye sufuria, kwa sababu nilijua kahawa ya msimu ule ilikuwa imeshauzwa na fedha imeshakwisha.

Nilipopata nguvu ilikuwa Machi, wakati wa kuchimba. Niliona aibu kukaa barazani huku mama anakwenda shambani peke yake, nikamfuata. Hapo ndipo nilipojifunza Jiografia.

Kazi huanza kwa wanaume. Wao hufyeka majani marefu ya shamba lililopumzika, wakayaacha yakauke. Majani hayo hupangwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, mpaka uso wa mlima ugawanyike miraba miraba, kila mraba kama hatua mbili kwa mbili. Kisha huja jembe, na jembe hilo hushikwa na wanawake. Unasimama katikati ya mraba, unachimba udongo wa kati na kuutupa juu ya majani pande zote nne. Unapomaliza una shimo katikati na matuta pembeni, hiyo ndiyo ngoro, na ndani ya matuta yamezikwa majani yatakayooza kuwa mbolea. Maharage hupandwa hapo hapo juu ya matuta. Magugu ya palizi hutupwa shimoni. Desemba mvua zikirudi, matuta yale yale hupokea mahindi. Shamba likishapumzika na kufika zamu yake tena, huchimbwa ili shimo jipya liangukie pale matuta ya zamani yalipokutana, na udongo ulioshuka shimoni upande juu. Mama hakunieleza kwa maneno haya. Aliniambia tu, "Chimba hapa, si pale," na kila nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwapo.

Nilichimba vibaya. Viganja vilitoa malengelenge, mgongo ukakataa. Mama, ambaye ana umri wa mama yangu mkubwa, alinipita mistari kadhaa na hakusema neno.

Siku chache baadaye ilinyesha mvua kubwa. Ilipokatika tulipanda kuangalia shamba. Jirani wa upande wa pili wa kijito alikuwa amelima kwa matuta ya kawaida, na udongo wake ulikuwa umeshuka, mchirizi mwekundu kutoka juu hadi chini, miche imelala. Upande wetu kila shimo lilikuwa na maji yaliyotulia, yanazama taratibu ardhini, na matuta yamesimama. Niliposhuka hadi mpakani, maji yaliyotoka katika shamba la mama kuingia kijitoni yalikuwa meupe. Nilifundisha mmomonyoko wa udongo miaka yote ile, na sikuwahi kuuona ukizuiwa kwa macho yangu mpaka siku ile. Nikakaa juu ya jiwe. Nilimkumbuka yule kijana wa nyuma ya darasa.

Mama akanisimulia wanavyosimulia wazee. Wamatengo walibanwa kwenye milima hii katika karne ya 19, wakikimbia vita vya Wangoni. Watu wengi, ardhi ya mteremko, na hakuna pa kuhamia. Mlima ungebomoka ungekuwa mwisho wao. Ngoro ndizo zilizowaweka hai, na zimewaweka mpaka leo. Kahawa ilikuja baadaye, katika miaka ya 1920, ikaleta bati na ada za shule, lakini chakula kinatoka katika mashimo yale.

Sitaki udhani kwamba niligeuka siku moja. Barua ya uhamisho ilijibiwa mwaka ule ule, ikiwa imekubaliwa. Nyumbani walifurahi, baba akanitafutia hadi nyumba ya kupanga. Nilikaa na karatasi ile mkobani kwa wiki kadhaa. Usiku nilitaka kuondoka, asubuhi nikitazama mlima nilitaka kubaki. Mwishowe niliandika barua ya kuomba nibaki, na baba hakuzungumza nami vizuri kwa muda mrefu. Hata sasa, baridi ya Julai ikiingia mifupani, kuna siku namwuliza Mungu kama nilichagua sawasawa.

Yule kijana nilimtafuta. Alikuwa ameshamaliza kidato cha nne, anafanya kazi ya utingo kwenye lori la makaa. Nilimkuta mjini, uso umejaa vumbi, nikaanza kumwomba radhi kwa maneno niliyoyaandaa. Akanikatiza: "Mwalimu, hayo nilishayasahau." Kisha akauliza kama wanafunzi wangependa kuona shamba la kwao, maana babu yake bado anajua kupanga majani kwa mkono. Sikuwa nimemwomba hilo. Safari ya kwanza ya klabu ya Malihai katika ulezi wangu ilikuwa kwa miguu, hadi shamba la babu yule, na haikugharimu chochote.

Kuanzia hapo nchi ikafunguka. Tulikwenda Ruanda kuona makaa. Msichana mmoja alipewa kipande mkononi, akakigeuzageuza, akauliza, "Mwalimu, hili ni jiwe au ni kuni?" Sijapata swali bora kuliko hilo tangu nianze kufundisha. Ni mimea ya vinamasi iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikabanwa na mizigo ya mchanga na matope mpaka ikawa hivyo. Alikaa nacho safari nzima ya kurudi, vidole vyeusi, hataki kukiachia.

Tulikwenda Peramiho, walikofika wamisionari Wabenedikto mwaka 1898, na Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji, palipo na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, zaidi ya 60, na kumbukumbu ya Nduna Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake. Watoto ambao darasani ni wakimya walisoma majina ukutani kwa sauti, na wengine wakakuta ya koo za marafiki zao.

Lakini safari iliyonipiga zaidi ilikuwa ya Mbamba Bay. Kutoka Mbinga ni kilomita 66, na wakati ule lami ilikuwa bado haijafika. Gari linashuka mlima kwa kona baada ya kona, hewa inaanza kupata joto, mibuni inaisha, miembe na mihogo inaanza, na ghafla chini yako kuna Ziwa Nyasa, bluu hadi upeo wa macho. Ziwa lipo kama mita 475 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo unakuwa umeshuka zaidi ya mita 800. Nilishuka kwenye gari, nikavua viatu. Mchanga mweupe, mawimbi, wavuvi wanaanika dagaa, wanawake wamejifunga kanga wanasubiri mitumbwi, joto la kwetu kabisa. Miaka yote nilikuwa nikililia Tanga, na ufukwe ulikuwa kilomita 66 kutoka kitandani kwangu. Hakuna aliyenificha. Sikuwahi kuuliza.

Mbele ya Mbamba Bay, ukifuata ufukwe, kuna Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la mwamba uliopo majini, na wenyeji wana jiwe lao la Pomonda, ambalo wazee wanasema watu walijificha humo enzi za vita. Hapo ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliipiga mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, na habari za vita zilikuwa bado hazijamfikia. Alipiga makasia kumfuata rafiki yake akiwa amekasirika, akidhani amelewa, akachukuliwa mateka. Liuli pia amezikwa William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyezunguka ziwa hili miaka mingi, akafa hapo mwaka 1928. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba historia kubwa hutokea mbali. Nikasimama nao juu ya mchanga ule nikiwaonyesha kwa kidole ilipokuwa meli.

Siku hizi wageni huja, si wengi. Wanafunzi wa vyuo, watu wa Dar es Salaam wanaotaka kuzunguka kusini, mara chache watu wa ng'ambo. Huwa wananipata kwa kuulizana. Nawapeleka kwa moyo mmoja, na nina maombi yangu kwao. Ukija kuona ngoro zikichimbwa, njoo Machi. Ukitaka kuona milima ya kijani, njoo Januari, mahindi yakiwa yamesimama juu ya matuta. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, na utaiona ikianikwa kwenye vichanja uani. Usiingie shambani kabla ya kumwamkia mwenye shamba. Usimpige picha mama aliyeinama na jembe bila kumwomba, na ukimaliza kustaajabu mwachie kitu, maana umechukua muda wake wa kazi. Mgeni huona uzuri wa miraba ile kutoka barabarani. Mimi nimeshaichimba, najua kwamba uzuri ule umebebwa na migongo ya wanawake, na ninapoona binti anakataa kazi hiyo na kwenda mjini siwezi kumhukumu. Mashamba mengine yamegeuzwa matuta ya kawaida kwa sababu hakuna wa kuchimba. Vijana wako kwenye makaa na bodaboda, na makaa yanalipa kila mwezi. Sina jibu la jambo hili. Ninachoamini ni kwamba mtu akilipwa kwa kuonyesha ngoro zake, na mtoto wake akifundishwa darasani kwamba ni elimu, ana sababu moja zaidi ya kuzitunza.

Mada ya uhifadhi wa udongo siku hizi siifundishii ubaoni. Tunatoka nje.

Mama amezeeka. Hachimbi tena shamba zima, anachimba kipande kidogo karibu na nyumba, na mkwewe ndiye anayeshika kubwa. Sufuria yangu bado iko juu ya kabati, imeungua chini, na kila Idi ananipikia humo pilau aliyojifunza kwa mke wa yule kijana wa msikitini. Baba yangu alikuja mwaka juzi, baada ya kukataa kwingi. Mama alimpeleka shambani, wakakaa wazee wawili wakizungumza habari za mvua, na jioni baba akaniambia nisiuze kile kiwanja nilichonunua huku.

Machi hii, mvua zikiruhusu, tunachimba kipande cha mama pamoja na kidato cha tatu. Ukishuka Mbinga stendi, chukua bodaboda uulize shule yenye mwalimu wa Tanga. Majembe yapo ya kutosha. Njoo na viatu vya kuvumilia matope.